Tembo wa Kenya kwenye Droo ya Duka: Maswali Yenu Kuhusu Sarafu za Kigeni

Maswali mengi yaliyoingia safari hii ni ya sarafu za nchi za watu. Sishangai. Mji wetu wa Mwanza, wenye mwalo wa Kirumba, mabasi ya Sirari mpakani na Kenya, mabasi ya Mutukula mpakani na Uganda na watalii wanaopita kwenda Serengeti lazima uokote chuma za kila rangi. Nimefupisha barua zenu, na majina nimeyaweka kando.

Shikamoo mwandishi. Nina duka Buzuruga. Juzi jioni umeme ulikatika, binti anayenisaidia akapokea sarafu tatu za Kenya za shilingi ishirini akidhani ni jero (mia tano) za kwetu. Katoa mkate na chenji juu. Msambazaji wa mikate kazikataa, wakala wa simu kazikataa. Nimkate binti? Na mteja akirudi na maneno yake kwamba "hii ni hela ya Afrika Mashariki", nimjibu nini? (Mama mwenye duka, Buzuruga)

Marahaba, mama. Nianze na binti: usimkate. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata mshahara kienyeji. Hasara lazima itokane na kosa la mfanyakazi, umweleze kwa maandishi ni kiasi gani na kwa nini, kisha umpe nafasi ya kujitetea. Na kama hukuwahi kumwonyesha sarafu ya Kenya ikoje, akijitetea atakushinda.

Sasa hesabu. Shilingi moja ya Kenya huzunguka kwenye 20 za kwetu, inapanda na kushuka kidogo. Kwa hiyo ishirini tatu ni kama 1,200. Hiyo ni thamani ya kwenye karatasi. Hapo Buzuruga thamani yake ni sifuri, na umeshaona mwenyewe: msambazaji hazitaki kwa sababu kiwanda hakizitaki, na kiwanda hakizitaki kwa sababu benki haizipokei. Mteja anafikiri unamfanyia roho mbaya, kumbe wewe ni mtu wa katikati tu, na wa mbele yako amefunga mlango. Mjibu hivi: "Niletee shilingi ya Tanzania, ndiyo fedha halali ya nchi hii." Huna wajibu wowote wa kupokea nyingine, hata akikutajia Jumuiya ya Afrika Mashariki mara kumi. Tena kama ni mtu wa mtaani kwenu, mrudishie zake tatu akupe fedha yako. Si ugomvi, ni deni.

Mfundishe binti wanyama. Za kwetu: hamsini ina kifaru, mia ina swala, mia mbili ina simba, mia tano ina nyati. Upande wa pili kuna kiongozi: Mzee Mwinyi kwenye hamsini, Mwalimu Nyerere kwenye mia, Mzee Karume kwenye mia mbili na mia tano. Kenya walitoa sarafu mpya Desemba 2018, nazo ni twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi na tembo kwa ishirini. Hazina sura ya mtu, maana Katiba yao ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye fedha, wakaweka ngao ya taifa. Kwa hiyo akiona tembo, arudishe hapohapo. Akiona kifaru au simba, ageuze aone kichwa. Ila zile za zamani za Kenya zenye Mzee Kenyatta na Moi bado zinatumika kwao, hivyo kichwa peke yake hakitoshi. Asome jina la nchi. Limeandikwa, ni tochi tu inayohitajika.

Kuna kituko kimoja hapa. Simba wa Kenya wa shilingi kumi na simba wetu wa mia mbili thamani zao zinakaribiana sana. Simba kwa simba. Lakini bado msambazaji wa mikate hatampokea huyo mgeni.

Na kwa kuwa tunazungumza wazi, mama: wateja wa Buzuruga nao wananiandikia kuhusu maduka yanayotoa pipi mbili badala ya chenji ya mia. Pipi nayo si fedha halali.

Nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Wateja wangu wengine wanatoka Kenya na Uganda. Wakipungukiwa kidogo wananimalizia kwa fedha zao, noti na hata sarafu. Nimesikia siku hizi ni kosa. Kweli? (Muuza dagaa, Kirumba)

Kweli. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilitoka mwishoni mwa Machi 2025. Zinakataza kutaja, kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na pia kupokea malipo ya fedha hizo kwa bidhaa na huduma za hapa. Wengi walidhani zinawahusu wenye nyumba za kupanga wanaodai dola na hoteli za kitalii tu. Hapana, hata gunia la dagaa limo. Walioachwa nje ni wachache, kama balozi na maduka yasiyotozwa ushuru kule viwanja vya ndege. Wewe na mimi hatumo.

Najua mwaloni unavyokwenda. Mteja kapakia gunia, gari linanguruma, kapungukiwa elfu tano, mkononi ana noti ya Uganda. Kumwambia ashushe gunia ni kazi. Lakini angalia unachopokea. Noti utaipeleka benki au duka la kubadilishia fedha, utakatwa kidogo, basi. Sarafu hakuna pa kuipeleka kabisa, utabaki unamsubiri msafiri. Mteja wa kudumu mzoeshe kubadilisha kabla hajafika sokoni, au atume kwa simu: M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zinapokeana tangu 2015, na fedha inakufikia ikiwa tayari ni shilingi yetu. Kama unamwamini, mwandike kwenye daftari alipe safari ijayo. Dagaa wa mkopo ni nafuu kuliko mfuko wa chuma.

Mjomba aliyekuja kutoka Uingereza aliniachia mfuko wa sarafu za pauni, kwa hesabu yangu ni zaidi ya laki moja ya kwetu. Nimezunguka benki na maduka ya kubadilishia fedha hapa mjini, wote wananicheka. Kwa nini noti wanachukua na sarafu hawataki, wakati zote ni pauni? (Mwanafunzi, Malimbe)

Hawakucheki wewe, wanaucheka huo mzigo. Anayebadilisha fedha anaishi kwa tofauti ndogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Noti za kigeni zinauzika palepale kwa anayesafiri kesho, zikizidi zinafungwa kwenye bahasha na kurudishwa zilikotoka. Sarafu nani ataisafirisha? Pauni moja ya sasa ina uzito wa karibu gramu 9. Ukikusanya pauni elfu moja umebeba karibu kilo 9, za kulipia ndege, ulinzi na bima, na kule mtu akae azihesabu. Faida yote inaishia njiani. Si Mwanza peke yake. Hata Nairobi, hata Dubai, kwa kawaida dirisha la kubadilishia fedha halishiki sarafu.

Kabla hujaendelea kuota laki, zichambue. Uingereza walileta pauni mpya Machi 2017, yenye pembe 12 na rangi mbili. Ile ya duara ya rangi moja iliacha kuwa halali madukani tarehe 15 Oktoba 2017. Kama mjomba kakusanyia za duara, hata London hatanunulia chai. Atazipeleka benki yenye akaunti yake, kulekule.

Zile nzuri zina njia moja: mtu anayekwenda. Mrudishie mjomba akija tena, akutumie thamani yake kwa simu. Kama hutaki usumbufu na umebahatika kupanda ndege, baadhi ya mashirika makubwa hugawa bahasha za UNICEF kukusanya chenji za nchi mbalimbali kwa ajili ya watoto. Mpango huo ulianza 1987 kwa sababu hiihii, mifuko ya wasafiri imejaa chuma zisizo na kazi. Na siku nyingine mjomba akiuliza akuachie nini, sema noti.

Mimi ni konda. Abiria kanipa mia tano ya Uganda usiku, yenye ndege. Nimekula hasara kiasi gani? (Konda, njia ya Buhongwa)

Huyo ndege ni korongo wa taji, alama ya taifa lao. Mia tano ya Uganda haifiki mia nne ya kwetu. Lakini kwa kuwa hakuna wa kukupokea, hasara yako ni jero nzima, mpaka upate dereva wa basi la Mutukula mwenye huruma.

Tulipokuwa tunachimba msingi wa nyumba tulipata sarafu zenye tundu katikati. Amekuja mtu kutoka mjini anasema zinauzwa mamilioni, ila nitoe kwanza laki mbili za kuzipima. Nifanyeje? (Mkulima, Magu)

Usitoe hata mia. Mnunuzi wa kweli anakuja na fedha, haombi fedha. Ada ya kupima, ada ya mashine, ada ya kumleta Mzungu: zote ni jina jipya la wizi wa zamani.

Sasa zitazame mwenyewe, mchana. Ukiona meno ya tembo yamezunguka namba, na jina la mfalme wa Uingereza, hizo ni senti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, za enzi ya Mwingereza. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na bibi zetu walizitunga kwenye kamba. Bei yake ni ndogo sana, ni ukumbusho. Ukisoma DEUTSCH OSTAFRIKA, ni heller za Mjerumani, ambazo zilianza 1904 kwa hesabu ya heller 100 kwa rupia moja. Zile za tano na za kumi ndizo zenye tundu. Hizo nazo ni nyingi. Watu wanaokusanya sarafu huzinunua, lakini si kwa mamilioni.

Uvumi wa mamilioni una mzizi wake. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana na meli haziji, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu Tabora, za rupia 15, zenye tembo. Zilikuwa kama 16,000 tu, na hizo kweli ni ghali. Lakini ni dhahabu na hazina tundu. Za kwako zina tundu, basi hadithi imeishia hapo.

Jambo moja tu: usizisugue kwa mchanga wala ndimu zing'ae. Mkusanyaji akiona imesuguliwa anashusha bei, na bei yenyewe haikuwa kubwa.

Enzi zetu mtu alipanda meli Kisumu akashuka Mwanza na shilingi ileile mfukoni. Nani aliiua? Na itarudi? (Mstaafu, Nansio)

Shikamoo mzee. Hukuota. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, shilingi yake ikaanza 1921, na kwa zaidi ya miaka arobaini Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia fedha moja. Zanzibar iliingia 1936. Baada ya uhuru kila nchi ilitaka kupanga uchumi wake yenyewe: kukopa, kuchapisha, kupandisha riba, na vitu hivyo huwezi kuvifanya ukiwa na kibeti kimoja na jirani. Benki Kuu yetu ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na wenzetu wakafungua zao mwaka huohuo.

Waliachana wakiwa sawa kabisa. Shilingi zote tatu zilianza kwa 7 na senti kidogo kwa dola ya Marekani. Leo dola ni kama 130 za Kenya, ya kwetu imeshavuka 2,400, na Uganda ni zaidi ya 3,400 hata baada ya wao kufuta sifuri mbili mwaka 1987. Umbali huo ndio jibu la swali lako la pili. Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walisaini itifaki ya sarafu moja Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ianze 2024. Mwaka 2024 umepita, sasa inatajwa 2031. Nchi wanachama zimefika nane, mojawapo ikiwa Somalia na nyingine Kongo yenye vita. Mimi sioni 2031 ikitosha, mzee. Benki zenyewe hazijakubaliana nani amsimamie nani.

Nimekuta noti za elfu moja za zamani kwenye godoro la marehemu bibi. Benki ya Tanzania tawi la Mwanza watanibadilishia? (Muuza vitumbua, Mkolani)

Pole kwa msiba. Si sarafu ya kigeni, lakini sasa hatima yake inafanana nayo. Noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya mia tano ya 2010, zilipewa muda wa kubadilishwa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Baada ya hapo si malipo tena popote. Kama hizo za bibi ni za toleo la baadaye, zitumie tu, hata zikiwa zimekunjamana. Angalia mwaka wa toleo kwanza.

Nafundisha hesabu darasa la nne. Nakusanya sarafu za nchi jirani nifundishie kubadilisha fedha. Nitakamatwa? (Mwalimu, Misungwi)

Hutakamatwa. Kuwa nazo si kosa, kosa ni kuzifanyia manunuzi au kufungua biashara ya kubadilisha bila leseni. Anza na mia mbili ya Uganda, ina samaki, watoto wa huku wataibishania ni sato au furu kipindi kizima. Ongeza franka ya Rwanda na ya Burundi ili wagawanye na kuzidisha kwa namba zisizo rahisi, na uandike ubaoni bei ya siku kutoka Benki Kuu, maana ya wiki iliyopita imeshabadilika. Zihesabu kabla ya kengele. Duka la maandazi liko nje ya geti, na mama wa Buzuruga ameshatueleza yanayotokea.