Kwa unayewasha jiko la peleti kwa mara ya kwanza

Ndugu yangu uliyehamia Maine, Marekani, ukakuta sebuleni jiko la kupasha nyumba joto linalochoma peleti, yaani vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ukishaliwasha, kabla ya kugusa kitufe kingine utazame moto wake. Moto mzima ni mfupi, wa manjano yenye weupe, unachezacheza kwa nguvu. Ukiuona mrefu, mwekundu, unayumba polepole na kupaka kioo masizi, ujue hewa haipiti. Usiongeze joto. Safisha.

Msimu wangu wa kwanza wa baridi sikulijua hilo. Nyumba haikupata joto, nami nikawa napandisha tu, kutoka namba mbili hadi nne. Mfuko wa kilo 18 uliokuwa ukinitosha siku nzima ukawa haufiki jioni. Siku nilipokitoa kile kikombe cha chuma ambamo peleti huungulia, nilikuta bonge limeganda kitakoni, gumu, linang'aa kama chupa iliyoyeyuka, limeziba matundu karibu yote. Peleti zikiwa na mchanga au uchafu, majivu yake huyeyuka kwa joto kali yakaganda namna hiyo. Nililing'oa kwa bisibisi, na jioni ile moto ulikuwa mwingine kabisa.

Tangu hapo kila asubuhi, jiko likiwa limezimwa na kupoa, nakikwangua kikombe kisha nakiinua dirishani. Kila tundu lazima lipitishe mwanga. Ni kazi ya dakika tano. Sisi tuliolelewa na jiko la mkaa tumezoea kulitikisa majivu yashuke ndipo tuwashe. Hili nalo linataka vilevile, ila matundu yake ni madogo na feni haina nguvu ya kulishinda bonge.

Kioo hufutwa kwa gazeti lenye maji lililochovywa kwenye majivu yaliyopoa. Trei ya majivu naimwaga kila wiki. Lakini majivu mengi hujificha nyuma ya vibati vya ndani, na huko wengi hawafiki. Kila nikimaliza tani moja ya Kimarekani, yaani mifuko 50, navifungua, nasafisha njia ya moshi hadi kwenye feni na kupitisha brashi ndani ya bomba. Mara moja kwa mwaka namwita fundi.

Majivu yenyewe yaogope. Niliwahi kumwaga ya tangu jana yake kwenye ndoo ya plastiki, nikaiacha kwenye baraza la mbao. Baada ya saa moja nikasikia harufu. Kitako cha ndoo kimeyeyuka na ubao una duara jeusi. Watoto walikuwa wamelala ndani. Tumia ndoo ya chuma yenye mfuniko unaobana, iweke nje juu ya zege, mbali na ukuta. Wala usiyavute kwa mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi: kaa dogo tu likifika kwenye chujio, ile hewa inalipulizia mpaka liwake.

Usizime jiko kwa kuchomoa waya. Feni ndiyo inayotoa moshi nje, ikisimama ghafla moshi unarudi sebuleni. Zima kwa kitufe, uiache feni imalize kazi yake. Kifaa cha kunusa gesi ya kaboni monoksidi kiwe kwenye chumba hicho na karibu na vitanda, kwani gesi hiyo haina harufu wala rangi. Ujaribu na mlango pia: bana noti ya dola kwenye mlango uliofungwa, uivute. Ikiteleza bila kushikwa, gasketi, ule ukanda unaoziba ukingo wa mlango, imechoka.

Peleti ziweke pakavu, maana zikipata unyevu huvimba na kuvunjika unga. Baridi ikiisha, maliza zilizomo, kwangua kila mahali, utoe majivu yote, kwa sababu hunyonya unyevu wa kiangazi na kula chuma. Fyonza pia ule unga wa mbao ulio chini ya tangi la peleti. Ukiuacha hadi Oktoba, utaukuta umeganda kama saruji kwenye parafujo inayosukuma peleti.