Siku 21 za kuleta utetezi zinahesabiwa kutoka lini

Kaka, umeuliza kama shemeji yako aliyefunguliwa kesi ya madai hapa Tanzania asubiri tarehe ya kesi kutajwa ndipo alete utetezi. Hapana, asisubiri. Kama wito wa mahakama aliopokea unamtaka alete utetezi wa maandishi, ana siku 21 tangu siku alipokabidhiwa wito huo. Mdai, yaani aliyemshtaki, alifungua kesi lini haihusiani hapo. Hiyo ni Amri ya VIII, kanuni ya 1 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai (Sura ya 33), kama ilivyorekebishwa mwaka 2019. Aangalie nakala ya wito: pale aliposaini kupokea kuna tarehe, na hakimu ataisoma hiyohiyo.

Siku zikimpita, bado ana upenyo mwembamba. Anaweza kuomba kuongezewa muda kabla siku 21 hazijaisha au ndani ya siku 7 baada ya kuisha, akiwa na sababu ya msingi. Akikubaliwa anapata siku 10 tu. Nje ya hapo mdai anaweza kuomba kesi iendelee upande mmoja, yaani bila shemeji yako kusikilizwa, na kutengua hukumu ya namna hiyo ni kazi nzito na gharama juu. Nimewaona watu wanahudhuria kila kesi inapotajwa wakidhani inatosha, kumbe faili halina utetezi wao hata ukurasa mmoja. Inauma sana.

Akishauwasilisha utetezi, nakala imfikie mdai au wakili wake, na shemeji yako abaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa.

Haya ni ya Mahakama ya Wilaya kwenda juu. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake.