Dogo unayeanza kuchambua ngumi, kabla hujamlinganisha bondia wa zamani na wa sasa soma hapa

Naandika kwa wadogo zangu mnaoanza kuchambua ngumi, hasa nyie wa hapa Dodoma mliopewa dakika chache redioni au mliofungua ukurasa mkaanza na simu tu, maana kila pambano kubwa la Las Vegas likiisha (kule Jumamosi usiku, huku Jumapili watu wanakunywa chai) swali ni lile lile, Terence Crawford wa miaka hii na Sugar Ray Robinson wa zamani nani angempiga mwenzie, Tyson Fury wa miaka hii na Rocky Marciano wa zamani nani mkali. Swali sio baya. Tatizo mnalijibu kabla hamjauliza hao watu wanapigana kwa sheria za mwaka gani, afu anatokea mzee mmoja pale kijiwe cha kahawa anawanyamazisha kwa sentensi moja tu.

Anzeni na raundi. Zamani pambano la ubingwa lilikuwa raundi 15, zikashushwa kuwa 12 baada ya Duk Koo Kim wa Korea Kusini kufariki kutokana na pambano lake na Ray Mancini Novemba 1982, WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, wakaanza na wengine wakafuata baadae. Sasa utasikia mtu anasema ah, si raundi tatu tu hizo. Haya mtafute Marciano na Jersey Joe Walcott, Philadelphia, Septemba 1952. Walcott ndo bingwa, anamwangusha Marciano raundi ya kwanza kabisa, na mpaka raundi ya 12 inaisha makaratasi yote matatu ya majaji yanasema Walcott anaongoza. Raundi ya 13 Walcott karudi nyuma mpaka kwenye kamba, wote wawili wanarusha mkono wa kulia kwa pamoja, wa Marciano unafika kwanza, mfupi tu, haujatoka mbali wala nini, na Walcott anashuka chini mkono wake wa kushoto umenasa kwenye kamba. Iangalieni hiyo sehemu taratibu, hata mara tano. Kwa sheria za leo hiyo raundi ya 13 haipo kabisa, Walcott anabaki na mkanda wake na ile 49 kwa 0 ya Marciano (kashinda 49, hajapoteza hata moja) inayotajwa kila siku haipo.

Na sio huyo peke yake. Septemba 1981 Tommy Hearns alikuwa anamwongoza Sugar Ray Leonard kwa majaji wote, Leonard akammaliza raundi ya 14. Kwa raundi 12 Hearns ndo mshindi na tungekuwa tunaongea mengine kabisa leo.

Uzito nao, hapa ndo wengi wanateleza. Marciano alikuwa anapanda ulingoni na kilo kama 84 hivi, leo huyo ni kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu. Fury ana urefu wa mita 2.06 na alimpiga Deontay Wilder 2020 akiwa na kilo zaidi ya 120. Hapo lazima kuna mtu atawaletea pambano la Jack Dempsey na Jess Willard, Julai 1919, maana Dempsey alikuwa na kilo 85 hivi akamwangusha lile jitu la kilo zaidi ya 110 mara saba raundi ya kwanza. Ni kweli ilitokea. Ila angalia Dempsey anasimama wapi kila Willard akidondoka. Anasimama pale pale juu yake, Willard akijaribu tu kuinuka anakutana na ngumi nyingine. Leo refa anakutuma kona ya mbali kwanza ndo anahesabu, mwenzako anapata pumzi, anasimama vizuri, anafutwa glavu. Kwa hiyo hilo pambano usilitumie kama ushahidi wa mdogo kumpiga mkubwa bila kutaja hilo, utaumbuka. Kama unataka ushahidi safi mchukue Oleksandr Usyk wa Ukraine, kampiga Fury mara mbili 2024 kwa sheria hizi hizi za leo, japo na yeye ana mita 1.91 na kilo zaidi ya 100, sio mdogo kihivyo.

Alafu hizo filamu za zamani kabisa msizihukumu kwa macho tu. Kamera zilikuwa zinazungushwa kwa mkono, zikichezwa kwa spidi ya leo watu wanaonekana wanarukaruka kama kuku, mtu anasema aah hawa walikuwa hawajui ngumi. Tafuta iliyorekebishwa spidi ndo useme.

Kuhusu rekodi, Robinson alishinda mapambano zaidi ya 170, Floyd Mayweather wa juzi juzi 50 kwa 0, na kuziweka hizo namba mbili pamoja bila kusema kila mmoja alikuwa anapigana mara ngapi kwa mwaka ni kama kulinganisha mvua ya Dodoma na ya Bukoba. Februari 1943 Robinson anapigwa na Jake LaMotta tarehe 5, tarehe 19 anashinda pambano jingine, tarehe 26 anarudiana na LaMotta na anamshinda. Mwezi mmoja! Bondia wa leo mwezi mzima yuko kambini. Lakini wa leo nao msiwaonee, zamani kulikuwa na madaraja 8 ya uzito na kwa kawaida bingwa mmoja kila daraja, leo madaraja 17 mara mikanda minne ya mashirika manne ni 68, sasa Crawford kuikusanya yote minne katika madaraja matatu tofauti ni kazi ambayo Henry Armstrong mwaka 1938 hakuwa na haja nayo, yeye alishika ubingwa wa madaraja matatu kwa wakati mmoja ila kila daraja alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kumpiga.

Na za kwetu msizisahau maana wasikilizaji wengi ndo wanazitaka. Titus Simba aliyepata medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola 1970 hakuvaa kofia ya kujikinga, Yombayomba dhahabu ya 1998 Kuala Lumpur alivaa, Changalawe shaba ya 2022 hakuvaa tena, na namna ya kuhesabu pointi imebadilika katikati hapo. Rashid Matumla wa zamani na Hassan Mwakinyo wa sasa pia, huyo Mwakinyo aliyemzima Mwingereza Sam Eggington kule Birmingham 2018 raundi ya pili, ukitaka kuwapambanisha sema kwanza uzito gani na raundi ngapi, bila hivyo simu zitapigwa mpaka kipindi kiishe na hamna mlichokiongea.

Mi mkinibana nijibu, Robinson na Crawford kwa kilo 66.7, wapime uzito asubuhi ya siku ya pambano kama zamani na raundi 15, nampa Robinson kwa pointi. Wapime siku moja kabla kama leo na raundi 12, nampa Crawford. Fury na Marciano hata msiniulize, zile kilo 40 ni nyingi mno, Fury anamkumbatia mpaka Marciano anachoka, raundi ya nane kwisha.