Tunakwenda kucheza mpira kwa Watongwe: kosa letu ni lipi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni katibu wa klabu ya mazoezi hapa Ujiji. Tumepanga kwenda kwa boti hadi kijiji cha Watongwe jirani na milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, tucheze mechi ya kirafiki, tuwagawie jezi, kisha tupande mlima Nkungwe na kurudi. Fulana za safari zimeshachapishwa, zina picha ya mzee wa Kitongwe ameshika mkuki. Mwenzetu mmoja anasema tunawadhalilisha. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, Katibu. Nia yenu haina dosari, ila ratiba mmeiandika ninyi wageni peke yenu, na nadhani hicho ndicho kilichomkera mwenzenu. Kwenu Nkungwe ni kilele cha mita 2,462 cha kupimia pumzi. Kwa Watongwe ni mlima mtakatifu, nao waliishi katika milima hiyo kabla ya kuhamishwa kupisha Hifadhi ya Taifa ya Mahale iliyotangazwa mwaka 1985. Ninyi mtalipa kiingilio na kupita katika njia ambazo mzee atakayewapokea hawezi tena kuzipita apendavyo.

Niwape mfano wa wageni waliofanya vingine. Wahaudenosaunee, watu wa asili wa eneo lililokatwa leo na mpaka wa Marekani na Kanada, ndio walioanzisha lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo yenye wavu, na hucheza kama taifa lao wenyewe. Mwaka 2010 walikosa mashindano ya dunia huko Manchester kwa sababu Uingereza ilikataa pasi zao za kusafiria. Baadaye, ilipoandaliwa Michezo ya Dunia ya Birmingham, Marekani, iliyofanyika 2022, waliachwa nje, mpaka timu ya Ireland ilipowaachia nafasi yake. Waairishi hawakugawa jezi. Walitoa kitu ambacho wenyewe walikuwa wakikihitaji.

Cha kuachia kwenu ni uamuzi. Tumeni watu wawili mapema kwa serikali ya kijiji na kwa wazee, wakaulize kama ugeni wenyewe unatakiwa, mchezo gani uchezwe na siku gani, na kama mlima upandwe au uachwe. Wakisema uachwe, uachwe, hata kama kuna watakaonung'unika.

Niliwahi kuandamana na timu ya mjini katika ziara ya namna hiyo. Jezi ziligawiwa, picha zikapigwa, filimbi ya mwisho ikalia, na wageni wakakimbilia boti ilhali kina mama walikuwa bado wanakaanga samaki, migebuka, wa kuwakirimu. Nakumbuka karai lile lilivyobaki limejaa.

Fulana hizo msizivae, hasara mliyopata ni ndogo. Na boti ya kurudi iwekeni ya kesho yake.