Binamu, busu la Köln si lako kulichukua

Binamu, nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, ule mliocheka kwa pamoja barazani mkidai kwamba hapa Köln kuna Alhamisi moja kwa mwaka ambapo wanawake wa Kijerumani humbusu mwanamume yeyote wanayekutana naye, na kwamba mimi nayafaidi hayo kimyakimya huku nikisingizia baridi kila ninapoombwa fedha. Siku hiyo ipo. Huitwa Weiberfastnacht, siku ya wanawake katika kanivali, yaani sherehe za mavazi na nyimbo kabla ya Kwaresima, nayo ni Alhamisi inayotangulia Jumatano ya Majivu. Ifikapo saa 5 na dakika 11 asubuhi wanawake hushika mikasi, wakakata tai za wanaume, na aliyekatwa hulipwa kibusu kiitwacho Bützchen. Yaliyobaki mmeyatunga wenyewe.

Aliyewasimulia hakuwaambia kwamba mwenye ruhusa siku hiyo ni mwanamke. Inasimuliwa kwamba mchezo huu ulianzia Beuel, ng'ambo ya mto Rhine mkabala na Bonn, mwaka 1824, pale wanawake madobi walipochoka kufua huku waume zao, waliotumwa kupeleka nguo safi Köln, wakibaki kujistarehesha. Wakaunda kamati yao, na hadi leo wanawake huvamia majengo ya manispaa siku hiyo. Wanaume nao hawakuachia kila kitu, kwani katika utatu unaotawala kanivali ya Köln, yaani Mwana wa Mfalme, Mkulima na Bikira, hata huyo Bikira huigizwa na mwanamume aliyenyoa ndevu; wanawake walipewa nafasi hiyo mwaka 1938 na 1939, tena kwa matakwa ya Wanazi. Hata tai ina mipaka yake: mwaka 1988 mahakama moja ya mji wa Essen iliamuru mteja aliyekatwa tai bila ridhaa yake katika ofisi ya usafiri alipwe fidia.

Sasa nikuambie kinachoniuma. Usiku wa kuamkia mwaka 2016, karibu na kituo kikuu cha treni cha jiji hili, mamia ya wanawake walishikwashikwa na kuibiwa, na wengi wa washukiwa walikuwa wanaume kutoka Afrika Kaskazini. Wanawake wale walidhulumiwa, na sitaki kusikia mzaha juu yao. Mwaka uleule sheria ilibadilishwa, kukataa kwa maneno kukawa kunatosha kumtia hatiani aliyeendelea, kushikashika kukawa kosa linalojitegemea, na ikawa rahisi zaidi kumfukuza nchini mgeni aliyehukumiwa. Ni sheria nzuri. Lakini mwanamume mweusi akiingia katika msongamano ule, hutazamwa mikono kabla ya uso. Mwenzangu wa kazini, mzawa, akilewa na kumkumbatia asiyemjua, huambiwa aache. Mimi kabla sijanyanyua mkono naiwaza karatasi yangu ya ukaazi. Na mwanamke akinivuta, akanibusu, kisha akazishika nywele zangu na kuniuliza kama nazo ni vazi la kanivali, ninatarajiwa kucheka kwa kuwa siku ni yake. Basi nacheka.

Kwa hiyo ukija, usitoke nje siku hiyo. Au toka, maana ukijifungia utaonekana una kiburi, na furaha iliyopo ni ya kweli: wapo bibi wazee watakaokutania barabarani bila haya wala chuki, kama mtani wa kwetu anavyotania msibani. Vaa tai ya bei rahisi. Toa shavu, usitoe mdomo, na mikono yako ishike glasi, hata kama ni ya maji. Asiyekusogelea usimsogelee, aliyekusogelea akiwa amelewa, mtafutie rafiki zake. Rudi nyumbani kabla ya giza, agizo ambalo mimi mwenyewe silifuati, kwa sababu nyimbo nzuri huimbwa usiku.

Barua ya mwaliko uliyoiomba kwa ajili ya viza nitaiandika, lakini tarehe nitakazoweka ni za mwezi Juni.