Analala usiku kucha, anaamka amechoka

Mwezi huu tumeweka pamoja barua tatu za usingizi. Zote zina ugumu mmoja: daktari anamwona mgonjwa mchana, ugonjwa unatokea usiku. Ndiyo maana majibu yetu yanasisitiza sana ushahidi wa kubeba mkononi.

*Shikamooni. Mume wangu ana miaka 46, ni dereva wa daladala. Anakoroma nyumba nzima inasikia. Katikati ya kukoroma ananyamaza ghafla, pumzi hairudi, halafu anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama. Ana presha na dawa anameza, lakini haishuki. Juzi alisinzia akiwa kwenye usukani kituoni. Walimpima malaria, sukari na wingi wa damu, vyote vizuri. Yeye anasema ni uchovu wa kazi tu. — Mke wa dereva, Mbagala*

Marahaba, dada. Uliyoyaona ni dalili za apnea ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala. Misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Oksijeni ikishuka, ubongo unamgutusha kidogo avute hewa, kisha anazama tena usingizini na asubuhi hakumbuki chochote. Kila akigutuka moyo unapigishwa mbio na mishipa inakaza, ndiyo sababu mojawapo ya presha kugoma kushuka.

Usiku wa leo, akianza kukoroma, acha taa ikiwaka na umrekodi kwa simu dakika tano hadi kumi, uso na kifua vikionekana pamoja. Sauti peke yake haitoshi. Daktari anataka kuona kama kifua kinahangaika kupanda wakati hewa haipiti, maana hapo tatizo liko kooni. Kifua kikitulia tuli, huenda ni ubongo ambao haukutoa amri ya kupumua, na huo ni ugonjwa mwingine. Hesabu kwa sauti kila anaponyamaza. Pumzi iliyokatika kwa sekunde 10 au zaidi inahesabika.

Kisha mpime shingo kwa tepu ya fundi cherehani. Madaktari wana orodha ya maswali manane, na mumeo tayari ana "ndiyo" tano: anakoroma kwa nguvu, anasinzia mchana, ameonekana akikata pumzi, ana presha, ni mwanaume. Shingo ikizidi sentimita 40 zinakuwa sita. Mawili yaliyobaki ni umri wa zaidi ya miaka 50 na unene uliopitiliza. Kuanzia tano, hatari ni kubwa.

Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Temeke. Walio upande mwingine wa jiji wana Amana au Mwananyamala. Msiseme "anachoka", kwa sababu neno hilo ndilo linalowapeleka kwenye malaria kila mara. Semeni: "Anakata pumzi usingizini, tuna video." Ombeni rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, au wa mapafu. Na kabla ya kulipia kipimo popote, ulizeni kinarekodi nini, nani atayasoma majibu, na kama mtapewa ripoti kamili.

Kipimo cha kulala nacho nyumbani kina mrija mdogo puani, mkanda kifuani na kibanio cha kidoleni. Majibu yake ni hesabu ya mara ngapi pumzi ilikatika au kupungua kwa saa: 5 hadi 14 ni hali ya chini, 15 hadi 29 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Hapa watu wengi hudanganyika. Kifaa cha namna hii mara nyingi hakijui kama mtu amelala au yuko macho. Kinagawa kwa saa zote kilizowashwa. Tuseme kiliwashwa kwa muda wa saa 8, lakini joto na mbu vilimfanya alale kwa muda wa saa 4 tu, na pumzi zikakatika mara 80. Kifaa kitaandika 10, wakati ukweli ni 20. Kwa hiyo aandike alilala saa ngapi na aliamka saa ngapi, karatasi hiyo iambatane na kifaa. Kibanio cha kidole nacho kinaweza kusoma oksijeni juu kidogo kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo msikubali kuambiwa yuko salama kwa sababu ya kidole peke yake.

Tiba ya hali ya kati na kali mara nyingi ni CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Hushindwa kwa mambo madogo: barakoa inayovuja kwa sababu ya ndevu au mafuta ya uso, na umeme unaokatika. Anawe uso kwa sabuni kabla ya kulala, na ulizeni kama mashine inakubali betri. Kupungua uzito na kulala ubavu kunasaidia. Pombe na diazepam (vidonge vya usingizi) za duka la dawa zinalegeza koo zaidi, aziache. Ila kama diazepam anaimeza kila siku kwa muda mrefu, aipunguze kwa maelekezo ya daktari.

Kuhusu kazi tunasema wazi: anayesinzia kwenye usukani asibebe abiria hadi atibiwe. Kufungua dirisha na kuongeza redio hakuzuii usingizi wa namna hii.

*Shikamooni. Nina miaka 21, nasoma chuo. Nalala darasani hata nikiwa nimelala vizuri usiku. Nikicheka sana magoti yanalegea, nimewahi kuanguka, lakini nasikia kila kinachosemwa. Usiku jinamizi linanikaba na naona watu chumbani. Bibi anasema ni majini. Kipimo cha kifafa hakikuonyesha kitu. — Mwanafunzi, Ubungo*

Marahaba, mwanetu. Maelezo yako yanafanana sana na narkolepsia. Seli za ubongo zinazotengeneza haipokretini, kemikali inayotuweka macho, zinakuwa zimekufa. Kemikali yenyewe iligunduliwa mwaka 1998, kwa hiyo usishangae kukutana na wahudumu wasioijua. Matokeo yake, usingizi wa ndoto unaingia pasipo mahali pake. Katika usingizi huo mwili hulegezwa ili tusiigize ndoto. Ukiingia wakati uko macho, unapata jinamizi na watu wa chumbani. Ulegevu ule ukija peke yake unapocheka, magoti yanakuacha. Huko kunaitwa katapleksia. Jinamizi peke yake huwapata hata watu wazima wa afya, bibi asiogope.

Kusikia kila kitu wakati umeanguka ni jambo kubwa, kwa sababu anayeanguka kwa kifafa kwa kawaida hupoteza fahamu. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo, na rafiki akurekodi.

Jipime pia kwa kipimo cha Epworth: hali nane, kila moja unajipa 0 hadi 3 kulingana na uwezekano wa kusinzia. Ni kusoma umekaa, kutazama televisheni, kukaa kimya mkutanini, kuwa abiria saa nzima bila kusimama, kujilaza mchana, kuongea na mtu, kukaa baada ya chakula, na kuwa garini kwenye foleni. Jumla ikizidi 10, mpelekee daktari karatasi hiyo na uombe rufaa ya kliniki ya mfumo wa fahamu.

Kipimo kamili ni cha usiku mzima, na kesho yake unalazwa mara nne au tano, dakika 20 kila mara, kwa kupishana saa mbili. Ukipitiwa na usingizi ndani ya wastani wa dakika 8 au chini tangu ulazwe, na usingizi wa ndoto ukaja mapema angalau mara mbili, narkolepsia inathibitika. Majibu huharibika ukija na deni la usingizi, kwa hiyo wiki mbili kabla andika daftari la kulala na kuamka, na usikeshe. Dawa za sonona kama amitriptilini huficha usingizi wa ndoto. Daktari ndiye wa kuamua isimamishwe lini. Futa pia piko na rangi ya kucha, vinazuia mwanga wa kibanio.

Kwa sasa lala dakika 15 hadi 20 mchana, saa zilezile kila siku. Lala ubavu, jinamizi hupenda anayelala chali. Usipande bodaboda, na usiogelee baharini peke yako.

*Mwanangu wa miaka 4 anakoroma, analala mdomo wazi, na amerudia kukojoa kitandani. Mchana hachoki, anarukaruka tu. — Mama, Tabata*

Mtoto asiyelala vizuri mara nyingi hurukaruka badala ya kusinzia, kwa hiyo hilo lisikutulize. Chanzo cha kawaida ni nyama za puani au mafindofindo makubwa. Mrekodi, kisha mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa mtoto, hata pumzi kukatika zaidi ya mara moja kwa saa si kawaida, kwa hiyo ripoti yake isisomwe kwa viwango vya watu wazima. Akionekana kubonyea kifuani anapovuta hewa, au midomo ikabadilika rangi, mpeleke usiku huohuo.