Barua kwa mwanangu mwalimu, kuhusu zile kurasa

Mwanangu,

Voisi yako ya dakika nane nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nakaanga samaki nikakosa nusu, ya pili nimekaa barazani na chai yangu nikaielewa vizuri. Kumbe shida ndo hii: umepangiwa kuwafundisha watoto wa grade nine ile Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, riwaya ya nchi ambako vitabu vinachomwa moto, baba mmoja kaandika imeili kwamba kitabu kina matusi na kina Biblia inachomwa, mkuu wako wa idara anakwambia ruka hizo kurasa yaishe, na juu ya yote hayo watoto wenyewe hawasomi, wanaangalia muhtasari kwenye simu basi. Unaniuliza mama umefundisha miaka 31, wewe ungefanyaje.

Kwanza nikwambie nilichofanya, maana ungefanyaje na ulifanyaje ni vitu viwili.

Unaijua Rosa Mistika ya Kezilahabi. Ilitoka 1971 na ikapigwa marufuku mashuleni, yaani binti anaharibikiwa, mimba inatolewa, watu wakasema hii itatuharibia watoto. Sa sisi tulikuwa bweni, form three, na kitabu ambacho huwezi kukisoma unajua wasichana wa bweni wanakifanyaje. Kilikuja kimevalishwa jalada la hesabu, tukakichana vipande vinne ili wanne tusome kwa wakati mmoja, tochi chini ya blanketi, asubuhi tunabadilishana. Matroni akakamata kipande cha tatu. Hakikurudi tena. Basi mimi nimeimaliza Rosa Mistika bila katikati, na hiyo katikati tukaitunga wenyewe usiku, na mwanangu nakwambia tuliyotunga sisi yalikuwa machafu mno, nilipokuja kukisoma kizima ukubwani nikakuta Kezilahabi wa watu ni mpole kabisa, analia na yule binti tu.

Afu miaka ikapita, kitabu kikaruhusiwa, kikaingia vitabu teule, na mimi ndo mwalimu nasimama mbele na chaki. Tukafika kwenye ukurasa fulani nikaona aibu. Darasa la wavulana na wasichana, wengine nawajua wazazi wao, tunasali pamoja. Nikafunua karatasi mbili kwa mpigo, nikaendelea kusoma kama hakuna kilichotokea. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, kwa adabu tu, "mwalimu umeruka ukurasa." Darasa zima likashuka macho kwenye kitabu, na nakuhakikishia kuanzia hapo hakuna aliyenisikia, wote walikuwa kwenye ule ukurasa. Yaani ukurasa uliorukwa ndo ukurasa pekee waliousoma kwa makini mwaka ule. Sijawahi kumsimulia mtu hii, hata baba yako.

Kwa hiyo kuruka hapana. Kwa kitabu kingine tungejadiliana, lakini hiki? Nimekisoma mara mbili kwenye tableti uliyoniachia, herufi nimezikuza kama za mtoto wa chekechea, na nikasoma pia habari za mwandishi mwenyewe. Kuna jambo hapo natamani uanze nalo kabla hata ya sura ya kwanza. Kitabu kilitoka 1953. Mwaka 1967 wachapishaji wenyewe, Ballantine, wakatoa toleo la mashuleni na humo wakabadilisha sehemu kama 75 kimyakimya bila kumwambia Bradbury, maneno ya laana wakatoa, mlevi wakamfanya mgonjwa, na mahali mtu anasafisha kitovu wakaandika anasafisha masikio. Kitovu mwanangu! Kitovu kimewakosea nini? Na kuanzia 1973 mpaka 1979 madukani likawa linauzwa hilo hilo lililokatwa, kitabu cha kulaani kukata vitabu. Waliomshtua mzee ni wanafunzi, walimwandikia barua. Mwaka 1980 ndo kikarudi kizima.

Sasa ulisema stoo kwenu kuna maboksi ya nakala za zamani zimechakaa. Nenda kaangalie miaka kwenye ukurasa wa mbele. Ukibahatika ukapata hata moja ya miaka hiyo ya sabini, usifundishe chochote siku hiyo, wape nakala mbili, ya zamani na mpya, waambie tafuteni kitovu kiko wapi. Wataisaka kama sisi tulivyosaka kipande cha tatu.

Na mkuu wako wa idara mwambie kwa heshima, usimdhalilishe, kwamba 1992 huko California shule moja iligawa kitabu hiki hiki maneno yamefutwa kwa kalamu nyeusi, ikaishia magazetini, watu wanacheka. Viongozi wa shule hawaogopi kukosea, wanaogopa kuchekwa. Hilo nimejifunza kwa wakuu wangu sita.

Yule baba sasa. Usimcheke. Najua nyie vijana mnasema mshamba, lakini mzazi anayesoma anachosoma mwanae kwa mimi ni mali, mimi nilikuwa na wazazi hawajui hata mtoto yuko kidato gani. Mpigie simu, imeili inamfanya mtu awe mkali kuliko alivyo. Mwambie ni kweli Biblia inachomwa, na mwandishi anaililia. Yule Montag ni mtu wa zimamoto ambaye kazi yake kuchoma vitabu, anaiba vitabu avisome, na mwisho kabisa ameshapoteza nyumba, mke, mji, kilichobaki kichwani mwake ni Mhubiri. Kile kitabu cha kila jambo na majira yake. Muulize yule baba kama atakubali kusoma kurasa 30 za mwisho pamoja na mtoto. Akikataa bado, mtoto wake mpe kitabu kingine, ni haki yake, ila haki yake inaishia kwa mtoto wake, hao 27 waliobaki si wake.

Hapo kwenye zimamoto niseme kitu kimenichekesha. Kwa Kiingereza jina lao ni mtu wa moto tu, kwa hiyo kichekesho kinaweza kumpita mtoto, mtu wa moto anawasha moto, sawa. Kwa Kiswahili huwezi, jina lenyewe linasema zima! Zimamoto anayewasha moto. Ulisema una watoto wawili wa Kikongo darasani hawaongei sana, waulize hao kwao wanawaitaje watu wa kuzima moto, afu waeleze wenzao kila neno maana yake. Wataongea.

Suala la muhtasari kwenye simu nalo limo ndani ya kitabu, sijui kama uliliona. Yule bosi wao Beatty anamweleza Montag mambo yalivyoanza, na hasemi serikali ilianza. Anasema watu wenyewe walitaka vifupi, kitabu kikubwa kikapunguzwa kikawa kipindi cha redio cha robo saa, kikapunguzwa tena kikawa safu ya dakika mbili, mwisho kikawa mistari kumi au kumi na mbili kwenye kamusi, na kila kundi likichukizwa na kitu kinaondolewa, moto ulikuja mwisho kumalizia tu. Mimi hapo niliweka tableti chini. Kwa sababu siku zote tumefundisha kwamba adui wa kitabu ni mkubwa fulani ofisini, na wapo kweli, mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972 kwa karatasi ya kuuliza twendapi, mashairi akayaandikia jela kwenye karatasi za chooni. Lakini huyu Bradbury anamnyooshea kidole msomaji. Soma nao ukurasa huo bila kuwahubiria kuhusu simu, maana wakisikia neno simu watafunga masikio. Na masikio yenyewe si yameshafungwa, hivo vidude vya kuchomeka vimo pia humo, mke wa Montag analala navyo, na kitabu ni cha 1953 nakukumbusha!

Waambie na hili, watoto wanapenda hela: rasimu ya kwanza Bradbury aliiandika kwenye chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu Los Angeles, kwenye mashine za kuchapa za kukodi, senti 10 kwa nusu saa, unatumbukiza sarafu unaandika mbio kabla haijazima. Nyumbani watoto hawamwachi na hela ya kupanga ofisi hana. Alitumia dola 9.80. Wapigie hesabu, ni saa 49. Na chuo chenyewe hakusoma, alijisomea maktaba.

Zoezi la mwisho ndo ningelipenda mimi. Wale watu wa msituni mwishoni, kila mmoja kahifadhi kitabu kichwani, watoto wako wataona ni ajabu. Wewe usione ajabu, umekulia Tanga, umewaona mahafidhi waliohifadhi Kurani nzima, na bibi yako alikuwa utendi wa Mwana Kupona unaotembea. Hakujua a wala be ya Kizungu, aliupata wote kwa shangazi yake aliyetokea Lamu, utendi wa mwaka 1858, mama mgonjwa anamuusia bintiye, beti mia na kitu, anachambua mchicha na anatiririka. Na zile beti za mume hazikuwa zinaniingia hata kidogo, kwamba radhi yake imo kwenye radhi tano na bila hiyo umekwisha, nilikuwa nabishana naye jikoni, nasema mama hizo ruka. Anacheka anazisema zote, afu ananiambia haya sasa bisha. Hakuruka hata moja na hakunikataza kubisha.

Kwa hiyo kila mtoto achague ukurasa mmoja, wa kitabu hiki au chochote anachokipenda, auhifadhi, asimame aseme, na wenzake wambishie. Na wewe mwalimu uwe wa kwanza, sio unakaa na rejista. Ndo nikaanza kukuandikia beti za bibi unazoweza kusema siku hiyo. Nimefika ya arobaini na kitu, kuna moja imenitoka kabisa, naona mwanzo wake tu unanikonyeza. Kesho nampigia mama yako mdogo Pangani, yeye ndo alikuwa analala na bibi chumba kimoja, ntakutumia jioni.

Kula vizuri, na huko baridi usitoke bila kofia.

Mama